Trening ya maafisa ugani wa kata kame (Ismani, Pawaga, Usangu, Kamsamba): tuwafundishe nini hasa?

Mtoto wa Mbalizi

Wakuu habari za majukumu, na walioko huku Mbeya poleni na baridi. Naombeni mawazo hasa kwa mlioko kwenye ugani au mnaolima sehemu kame. Mimi ni mwezeshaji, nimepewa kazi ya kuandaa kozi ya wiki mbili kwa mabwana shamba na mabibi shamba wa kata za ukame, yaani Ismani na Pawaga kwa upande wa Iringa, Usangu kule chini Mbarali, na wachache watatoka Kamsamba bonde la Rukwa.

Sasa waliotoa hela wametuletea na mtaala tayari, na mtaala wenyewe umetengenezwa kwa ajili ya nchi za jangwa kabisa. Una masomo ya dripu (kumwagilia kwa matone kupitia mipira), kusafisha chumvi kwenye udongo, kilimo cha oasisi cha ngazi tatu (mitende juu, miti ya matunda katikati, mboga na majani ya mifugo chini), kukinga mafuriko ya makorongo, na kitalu nyumba. Nimeusoma wote, kuna vitu nimevipenda sana. Ila jangwa linalosemwa mle ni mvua chini ya milimita 250 kwa mwaka, na sisi hata kule kukavu msimu wa mvua tunao, shida yetu ni kwamba inakuja kwa fujo, inapiga siku mbili tatu kila kitu kinaelea halafu inakata wiki tatu mahindi ndiyo kwanza yanatoa mbelewele.

Kingine kinachoniumiza kichwa ni hawa vijana wenyewe. Wengi wamezaliwa au wamefanyia vitendo huku juu, Uyole ni mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari, macho yao yamezoea mahindi, maharage, viazi na ngano, halafu mtu anapangiwa Pawaga huko chini kwenye joto ambako hata miti haifanani. Anafika anamwambia mkulima kilekile alichokuwa anawaambia wakulima wa huku juu Tembela. Mkulima anamsikiliza kwa heshima, akiondoka anaendelea na yake.

Kwa hiyo nauliza, kwenye huo mtaala wa jangwa nibakize nini nitoe nini? Na kozi ifanyike wapi na lini, maana pendekezo lililopo ni ukumbi wa hoteli hapa mjini mwezi wa saba. Natanguliza shukrani.

Bibi Shamba wa Tarafa

Kamwene ndugu yangu, asante kwa kuuliza kabla ya kuanza maana wengi huwa wanauliza baada ya hela kuisha.

Mimi niko ugani Iringa vijijini, kata kame. Nakuomba kitu kimoja, hiyo hoteli iache. Ukame haufundishiki kwenye projekta. Walete huku mwezi wa kumi, kabla mvua za mwishoni mwa Novemba hazijaanza, udongo ukiwa umekauka kama sakafu, wauone ulivyo. Siku ya kwanza usitoe somo lolote, wape jembe wachimbe shimo la kina cha nusu mita kwenye shamba ambalo mabua ya mwaka jana bado yamesimama, wang'oe bua moja taratibu waangalie mizizi. Utakuta mizizi imeshuka sentimita 12 au 15 hivi halafu imekata kona inaenda pembeni. Pale ndipo pana tabaka gumu lililotengenezwa na jembe la mkono na plau miaka yote hiyo kwa kulima kina kilekile. Jioni wamwage ndoo kadhaa za maji sehemu moja, asubuhi wachukue nondo nyembamba waisukume kwa mkono, itaingia kirahisi kisha itagoma. Kila mtu asukume mwenyewe asikie inapogomea. Afisa akishasikia hiyo kitu mkononi hutahitaji kumweleza kwa maneno mengi kwa nini mahindi yananyauka siku ya tano baada ya mvua kubwa.

Halafu hesabu ya maji. Nakwambia ukweli, wapo maafisa wazuri tu wanajua kilo za mbolea kwa eka kwa kichwa ila ukimuuliza mvua ya jana imeweka maji kiasi gani shambani hajui, wakati ni hesabu ya darasa la sita. Milimita 1 ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita 1. Eka ni mita za mraba 4,000 na ushee, kwa hiyo mvua ya milimita 25 imemwaga lita 100,000 kwenye eka moja. Laki moja! Swali linalobaki ni ngapi zimezama na ngapi zimekimbilia korongoni. Hapo ndipo somo lote la maeneo makame lilipo, matuta ya kufunga, makinga maji, matandazo, samadi, yote yanajibu hilo swali moja. Na bati la nyumba ya mita za mraba 50 kwa mvua ya milimita 500 linakupa lita 25,000 kwa mwaka, toa zinazopotea baki na 20,000, bibi hapo anamwagilia bustani ya mchicha na kunywesha kuku miezi kadhaa.

Kipimo cha mvua wakitengeneze wenyewe, kopo lenye pande zilizonyooka na rula tu, kila afisa arudi kwenye kata yake na makopo ya kuwagawia wakulima kila kitongoji, maana mvua zetu hizi inanyesha kwa jirani kwako vumbi.

Mbegu sitasema sana. Mtama Macia umeidhinishwa hapa nchini tangu 1999, mweupe, mfupi, unakomaa mapema, maafisa wengi wanaujua kwa jina ila hawajawahi kuupika. Kwenye kozi yako wapike ugali wake wale.

Fundi Mifereji

Bibi Shamba amemaliza upande wa mvua, mimi nije upande wa skimu za umwagiliaji maana nimezunguka sana Mbarali na Pawaga kwenye mifereji.

Mkuu, kwenye huo mtaala USITOE SOMO LA CHUMVI. Watu wanadhani chumvi ni mambo ya Misri na Uarabuni, hapana. Kanuni ni ileile popote penye jua kali na maji ya kumwagilia, maji yana chumvi kidogo, jua linavuta maji chumvi inabaki, na kama hakuna mfereji wa kutolea maji yaliyozidi basi kila msimu inaongezeka. Tembea skimu za Pawaga kiangazi angalia kwenye kingo za majaruba (vile vipande vya shamba vilivyozungushiwa kingo), utaona ukungu mweupe umekauka juu ya udongo, uguse na ulimi utajua. Mkulima anaambiwa aongeze mbolea kwa sababu majani yameungua ncha, anaongeza, na mbolea nayo ni chumvi, hali inazidi kuwa mbaya.

Wafundishe kutumia kile kipimo kidogo cha mkononi cha kupima chumvi kwa umeme, na wakariri hizi namba, kipimo ni desisiemensi kwa mita (dS/m) kwenye udongo. Ikifika 4 udongo unahesabika wa chumvi. Lakini mazao hayalingani, maharage yanaanza kupunguza mavuno kwenye 1 tu, vitunguu 1.2, mahindi 1.7, mpunga 3, kunde karibu 5, mtama unavumilia mpaka 6.8 hivi. Afisa akiwa na hizo namba kwenye daftari anaweza kumwambia mkulima kabla hajapoteza mbegu kwamba hili jaruba vitunguu hapana, weka kunde. Huo ndio ushauri, siyo kumwambia "lima kisasa".

Pili, kabla hujawafundisha dripu wafundishe kujua mmea una kiu au hauna. Pale kwenye skimu za Kiwere na Magozi kuanzia 2013 kulikuwa na mradi wa watafiti wa Australia wakishirikiana na watu wetu, walileta sensa ya kupima unyevu wa udongo inaitwa Kinyonga, inafukiwa kwenye kina tofauti na kisomeo chake kinaonyesha taa, bluu maji yapo mengi, kijani yanatosha, nyekundu pamekauka. Mkulima asiyejua kusoma anaelewa hiyo kwa dakika moja. Kilichofuata ni kwamba wakulima wakaona wenyewe kuwa walikuwa wanamwagilia kupita kiasi na maji yanashusha mbolea chini ya mizizi, wakapunguza zamu za kumwagilia na mavuno hayakushuka, wengine yakapanda, na ugomvi wa maji usiku ukapungua maana waliokuwa mwisho wa mfereji wakaanza kupata. Wapeleke maafisa wako Kiwere, ni karibu na Iringa mjini, waongee na wakulima wenyewe siyo na viongozi wa skimu peke yao.

Na hili nasema kwa uchungu maana nimelishuhudia. Ruaha Mkuu ulianza kukauka kabisa kiangazi mwaka 1993, mto ambao viboko walikuwa wanajaa. Sisi huku juu tunaomwagilia Usangu tuna mkono wetu pale. Afisa ugani anayemshauri mkulima wa Mbarali afungue maji mengi zaidi ajue kuna mtu, mnyama na bwawa la Mtera huko chini wanasubiri maji hayohayo. Mtaala usipokuwa na hilo haujakamilika hata kama una dripu ya dhahabu.

Msafiri wa Sahel

Naomba niongeze, nimefanya kazi Niger miaka kadhaa, Maradi na Zinder, sasa nimerudi nyumbani Njombe.

Mtoto wa Mbalizi, huo mtaala wako una vitu vya jangwa lenye hela. Dripu na kitalu nyumba ni za mtu mwenye pampu, umeme na soko la mjini. Jangwa la maskini ndilo lenye mafunzo makubwa kwetu na mara nyingi haliandikwi kwenye mitaala kwa sababu mafunzo yenyewe yalianzishwa na wakulima. Mzee Yacouba Sawadogo wa Burkina Faso, ambaye amefariki 2023, kuanzia miaka ya 80 alichukua vishimo vya kienyeji vinaitwa zai akavipanua, upana sentimita 20 mpaka 30, kina 10 mpaka 20, akaweka samadi wakati wa kiangazi. Samadi inavuta mchwa, mchwa wanachimba vinjia chini, mvua ikija maji yanazama kupitia vile vinjia, ardhi iliyokuwa imekufa ikafufuka na miti ikaota humohumo kwenye mashimo. Watu walimwona kichaa. 2018 akapewa tuzo ya kimataifa kule Sweden, ileile aliyopewa mwaka huohuo Tony Rinaudo, yule Mwaustralia wa Niger aliyehimiza wakulima wasing'oe visiki bali wachague machipukizi wayatunze. Niger wamefufua miti kwenye hekta kama milioni 5 kwa njia hiyo, bila kitalu, bila kumwagilia. Hapa kwetu Dodoma wanaita Kisiki Hai na Ismani panafaa sana, visiki viko vingi ardhini vinachipua kila mwaka watu wanavikata na jembe.

Somo la ugani ninalotaka lichukuliwe kutoka huko ni hili: afisa wa Niger niliyemwona anafanikiwa alikuwa akifika kijijini anauliza kwanza "nani hapa alivuna mwaka ule mbaya?" Akionyeshwa anaenda kukaa kwa huyo mtu nusu siku. Fundisha hivyo. Wape zoezi, kila afisa aingie kijijini amtafute mkulima mmoja aliyevuna wakati wengine wamekosa, arudi aeleze kwa nini, na sababu aione kwa macho asiishie kuhadithiwa.

Ila niwe mkweli kuhusu mashimo. Tuna yetu hapa, ya kijiji cha Chololo Dodoma, kipenyo sentimita 22 hivi, kina 30, umbali 60 kwa 90. Piga hesabu uone, eka moja inataka mashimo kama 7,400. Nani anachimba? Mara nyingi ni mama. Kwa hiyo ukifundisha mashimo fundisha na hesabu ya nguvu kazi, mkulima aanze na robo eka, na mwenye maksai apewe njia ya kuchana mstari kwa ripa ya Magoye badala ya kuchimba shimo moja moja. Afisa asiyeweza kuhesabu jasho la mkulima ushauri wake haufiki mbali.

Bibi Shamba wa Tarafa

@Msafiri hapo kwenye akina mama umenigusa. Nakubaliana na wewe ila robo eka ya mashimo ndiyo inayolisha nyumba mwaka mbaya, hilo akina mama wenyewe wananiambia. Wanachimba kidogo kidogo kuanzia mwezi wa nane kwa vikundi, wiki hii kwa fulani, ijayo kwa mwingine. Tatizo ni pale mradi unapokuja unataka eka nzima nzima ili ripoti ipendeze.

Mkulima Ismani

Salaam kwenu nyote. Mimi siyo mtaalamu, ni mkulima, wazee wangu waliingia Ismani enzi zile mahindi yanastawi mpaka malori yanapanga foleni, tukalima hapohapo mahindi juu ya mahindi mpaka udongo ukachoka. Kwa hiyo ninachoandika nimekiishi.

Mabwana shamba tunawapenda, wengine ni kama watoto wetu. Lakini mnawafundisha kuja wakati wa kupanda tu. Anakuja na pikipiki mwezi wa kumi na mbili, anapima mistari kwa kamba, anapiga picha, haonekani tena mpaka mwaka mwingine. Mimi namtaka mwezi wa pili jua linapokata, aje tuangalie pamoja shamba la matuta na shamba la flati, yapi yamevumilia. Namtaka tena wakati wa kuvuna. Kuna jamaa walikuja hapa na shamba la mfano, walilitunza wao wenyewe kwa maji ya boza, likapendeza, wakaondoka, hakuna hata mmoja wetu aliyeiga maana boza sisi hatuna.

Mambo mengine muwafundishe. Mvua ya kwanza ya uongo. Kila mwaka kuna wanaopanda kwa mvua moja mbegu inaota inaungua. Mamlaka ya hali ya hewa wanatoa utabiri wa msimu wa Novemba hadi Aprili, afisa ajifunze kutusomea ule utabiri kijijini kwa lugha yetu, atuambie ukisema "wastani hadi chini ya wastani" nibadilishe nini, nipunguze mahindi niongeze mtama na kunde eka ngapi, siyo kubandika karatasi ofisi ya kata.

Mifugo nayo. Mnatuambia tuache mabua shambani yawe matandazo, sawa, lakini mwezi wa tisa ng'ombe wanapita wanamaliza yote, na wengine ni ng'ombe wetu wenyewe hatuna malisho. Afisa wa kilimo anasema hilo ni la afisa mifugo, afisa mifugo anasema ni la mwenyekiti. Kwenye hiyo kozi waiteni wote wawili wakae darasa moja, wajadiliane na wenyeviti wa vijiji mpaka wapate sheria ndogo inayotekelezeka.

Na kwelea kwelea! Mnatuhimiza mtama halafu ndege wakija mko kimya. Ndege mmoja anakula gramu 10 hivi kwa siku, kundi la milioni moja ni tani 10 kwa siku. Watoto wako shule, nani anaamia? Tunachoweza ni kupanda kwa wakati mmoja kijiji kizima ili ndege wagawane mashamba yote asife mmoja, na kutoa taarifa mapema wakiwa bado kwenye mazalia. Afisa ajue kuyatambua mazalia na ajue anampigia nani halmashauri siku hiyohiyo.

Mtoto wa Mbalizi

Jamani nimesoma yote zaidi ya mara moja, asanteni sana. Mzee wangu wa Ismani shikamoo, umenibadilishia kozi nzima.

Nimekaa na wenzangu tumepanga hivi. Tunaigawa. Siku sita mwezi wa kumi Pawaga na Ismani, kuchimba, nondo, kopo la mvua, hesabu ya lita, chumvi, na zoezi la Msafiri la kumtafuta aliyevuna. Siku nne mwezi wa pili palepale, kila afisa anakuja na daftari lake la mvua na shamba lake la majaribio dogo alilolima na wakulima siyo kwa niaba yao. Tutatumia mtindo wa shamba darasa, ule ulioanza na FAO kwenye mpunga Indonesia 1989, wakulima wanakutana kila wiki wanaangalia mmea wanachora wanachokiona wanaamua wenyewe, afisa kazi yake kuuliza maswali. Siku zinazobaki ni baada ya mavuno. Maafisa mifugo tumewaongeza. Kitalu nyumba na mitende tumetoa, dripu tumebakiza nusu siku kwa bustani ndogo, oasisi ya ngazi tatu nimeing'ang'ania niigeuze kuwa mgunga ule unaopukutisha majani wakati wa mvua (Faidherbia albida) juu na mtama na kunde chini, maana uko Usangu tayari na unaacha jua lipite wakati mazao yanalihitaji.

Tatizo ni posho. Kozi ya hoteli ilikuwa na bajeti ya hoteli, hii ya vijijini wenye hela wanaona ni "ziara". Kuna aliyewahi kuwashawishi?

Fundi Mifereji

Waandikie kwamba gharama ya ukumbi na vyumba inahamia kwenye nauli, chakula kwa mama lishe wa kijijini na vipimo, jumla haizidi. Waonyeshe kwamba afisa anarudi na kipimo cha chumvi, makopo na namba za kata yake, hivyo vinakaguliwa. Karatasi ya mahudhurio haikaguliki. Mara nyingi wanakubali wakiona kitu cha kuhesabu.

Msafiri wa Sahel

Na kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mtama, usikisahau, udongo uliochoka ndiyo makazi yake. Mwezi wa pili kitakuwa kinachanua, waking'oe kabla hakijatoa mbegu na wajue kuzungusha na kunde.

Bibi Shamba wa Tarafa

Mkija Oktoba nina wakulima walio tayari kutoa mashamba ya kuchimbwa, na kikundi cha akina mama watapika. Mtama wa ugali tunao, mboga tutatoa kwenye vinyungu (bustani zetu za bondeni). Niandikieni mapema idadi ya watu.

Mtoto wa Mbalizi

Nashukuru dada, nakutumia wiki hii. @Fundi kuhusu kupima maji, tumewaambia maafisa kila mmoja aje na chupa ya maji ya kisima au mfereji wa kata yake ili tupime siku ya kwanza. Chupa yoyote inafaa?

Fundi Mifereji

Ya plastiki inafaa, isiwe iliyowekwa soda wala mafuta. Waisuuze mara tatu kwa maji yaleyale wanayochota, waijaze mpaka juu, waandike kwa maka jina la kijiji, tarehe na kama ni mwanzo au mwisho wa mfereji. Kwenye skimu wachote sehemu zote mbili, na maji yanayotoka kwenye jaruba wayaweke chupa yake peke yake.